Usukani Una Moto

Fundi umeme wa magari wa kwetu Kidodi hasemi "umeme". Anasema "moto". Moto unafika kwenye taa au haufiki. Moto umekatikia njiani. Waya huu una moto, usiuguse. Ukimpelekea gari lisilowaka, swali lake la kwanza ni kama betri ina moto. Si lugha yake peke yake. Utaisikia gereji yoyote kuanzia Mikumi mpaka Ifakara, na sijawahi kuona ikimchanganya mtu. Isipokuwa pale kifaa chenyewe kilichoharibika kinapokuwa cha kutoa joto. Hapo ukisema "usukani una moto" unakuwa umesema mambo matatu kwa mpigo: kwamba umeme unafika, kwamba kuna hita inayofanya kazi, au kwamba gari limekaa juani tangu asubuhi. Julai ya mwaka jana familia yetu ilikaa karibu wiki mbili ikibishana ni lipi kati ya hayo.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kukusanya data. Nasoma shahada ya umahiri katika isimu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tasnifu yangu inahusu majina ya mahali wilayani Kilosa. Kwa vitendo hiyo ni kazi ya kukaa kwenye mikeka ya wazee na kuuliza kwa nini kijito fulani kinaitwa hivyo, kisha kupewa majibu manne yasiyopatana. Magari hayakuwa kwenye ratiba yangu.

Baba ni mkulima wa nje, yaani ana miwa yake mwenyewe na anaiuza kiwandani kwa mkataba kupitia chama chao cha ushirika. Baada ya misimu mitatu iliyokwenda vizuri alinunua gari lililotumika kutoka Japani. Lilifika likiwa zima, ila ngozi ya usukani ilikuwa imechunika, kwa hiyo kabla ya kulileta nyumbani alilipitisha kwa fundi mmoja wa kushona viti vya magari mjini Morogoro. Akavishwa usukani ngozi mpya nyeusi, mshono wa uzi mwekundu. Baba aliupenda ule uzi mwekundu kuliko injini.

Mama ndiye aliyeyaona malengelenge. Mawili kiganja cha kushoto, moja kiganja cha kulia, chini ya kidole gumba. Akasema ni panga. Baba akamkumbusha kwamba hajashika panga tangu mwezi wa tano, vijana ndio wanaokata. Mama akauliza yanauma? Baba akajibu kwamba hayaumi kabisa, akiwa na sauti ya mtu anayeleta habari njema.

Kwa mtu mwenye kisukari, hiyo si habari njema. Baba ana mwaka wa sita sasa. (Kuugua kisukari huku umezungukwa na miwa pande zote kunamletea mtu utani usiokwisha, na Baba ameshausikia wote. Haucheki tena.) Tukaenda hospitali. Muuguzi alimlaza, akamwambia afumbe macho, akachukua kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni mwishoni. "Mzee, ukihisi nimekugusa, sema ndiyo." Akaanza na nyayo. Uzi ulikuwa ukipinda kwenye ngozi ya Baba, naona kabisa unavyopinda, na Baba yuko kimya, anasubiri kwa uvumilivu jaribio lianze. Muuguzi akahamia kwenye vidole vya mikono. Hapo Baba alisema ndiyo mara kadhaa. Mara mbili kati ya hizo uzi ulikuwa hewani, haujamgusa.

Muuguzi akatueleza kwamba sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na hushambulia kwanza ile mirefu zaidi. Kwa hiyo ganzi huanzia miguuni, kama soksi, na ikishapanda kiasi ndipo mikono nayo huvishwa glavu. Halafu akayatazama tena malengelenge. "Haya ni ya kuungua. Umeshika nini cha moto, Mzee?"

"Nimeshika usukani tu, nilikwenda Morogoro na kurudi."

Tukacheka wote, hata muuguzi. Kila usukani wa Kidodi una moto. Ukiegesha gari saa 6 mchana bila kivuli utaendesha kwa ncha za vidole mpaka unafika Ruaha. Jua likabebeshwa kesi, tukarudi nyumbani na dawa ya kupaka.

Jua lilikuja kujitetea siku nne baadaye. Shangazi yangu alikuwa anakwenda Iringa, na mabasi ya huko hayapiti kwetu, unayafuata Mikumi kwenye barabara kuu ya Tunduma. Shangazi ni mtu wa kuwahi. Tuliondoka saa 11 alfajiri, mimi nikiwa dereva kwa sababu Baba mikono ilikuwa na bandeji na mdogo wangu hana leseni. Julai kwetu alfajiri kuna baridi inayoshuka kutoka milimani, na usukani ulikuwa baridi kama bomba la maji. Tulipokuwa hatujafika mbali ukawa vuguvugu. Nilipoona taa za Mikumi nilikuwa nabadilisha mikono kila baada ya dakika, kama mtu aliyeshika kikombe cha chai kisicho na kishikio. Nje kulikuwa bado giza.

Kwa hiyo moto ule ulikuwa wa ndani ya gari.

Fundi wetu yuko barabarani kabisa, chini ya mwembe, na gereji yake ni turubai, benchi na sanduku la mbao lenye spana. Nilimweleza. Akanisikiliza kwa heshima wanayopewa wasomi, halafu akasema, "Dada, usukani hauna injini." Hata hivyo hakuanzia kwenye usukani. Alilala chini ya gari na tochi, akakaa huko muda, akatoka na unga wa kutu kwenye vidole. "Hili limekula chumvi," akasema. Barabara za nchi za theluji humwagiwa chumvi ili barafu isishike, na chumvi hula chuma cha chini cha gari. Gari lililotumika Tokyo huja na tumbo safi. Hili lilitoka kaskazini, Hokkaido au mahali kama hapo, na Wajapani huyatengenezea magari ya sehemu hizo vitu vya ziada: betri kubwa zaidi, maji ya rejeta yasiyoganda upesi, waya za kuyeyusha barafu inayogandisha waipa kwenye kioo. Na wakati mwingine, hita ndani ya usukani.

Akaanza kutafuta swichi. Aliikuta chini ya dashibodi upande wa goti, imejaa vumbi: mchoro mdogo wa usukani wenye vijistari vitatu vya mawimbi, na kitaa cha rangi ya chungwa. Kinawaka.

"Hiyo mimi najua ni ya pawa stelingi," Baba akasema. "Niliiwasha siku ya kwanza. Usukani ukawa mwepesi."

Ningeweza kuishia hapa. Baba alibonyeza, kitaa kikazimika, na watu wengi wangefunga mlango wakaenda zao. Nilimwona Baba anataka kufanya hivyo. Ila Fundi alikuwa ameshakunja uso. Hita ya usukani, alisema, haimuunguzi mtu. Imetengenezwa ipashe mpaka vuguvugu halafu ijikate. Kama imefika mahali pa kutoa malengelenge, basi kuna kitu hakijui kusimama, na kitu kisichojua kusimama hakiachwi ndani ya ngozi, jirani na eabegi, eti kwa sababu swichi imezimwa. Goti likiigusa je?

Mpango wenyewe wa kifaa hiki si mgumu. Chini ya ngozi kuna wavu wa waya mwembamba unaozunguka duara lote. Huo ndio hita. Pamoja nao kuna sensa ya joto, kidude ambacho ukinzani wake hupungua kadiri kinavyopata joto. Vyote viwili vinaripoti kwenye kisanduku kidogo cha kuamua: sensa ikisema baridi, kisanduku kinapeleka moto, ikisema imetosha, kinakata. Na kwa kuwa usukani unazunguka huku gari halizunguki, nyaya zote hizo, pamoja na za honi na za eabegi, hupita kwenye utepe mwembamba uliokunjwa ndani ya kitovu cha usukani kama dawa ya mbu ya koili. Utepe huo ukikatika, honi hufa na taa ya eabegi huwaka. Honi yetu ilikuwa ikilia na taa imezima. Kwa hiyo utepe ukatolewa kwenye orodha ya watuhumiwa bila kuguswa.

Fundi alichomoa betri, akaagiza chai. Nilidhani anapumzika. Kumbe eabegi hubaki na chaji kwa dakika kadhaa hata betri ikishatolewa, na anayeharakisha anaweza kulipuliwa usoni. Vilevile alinionyesha plagi zake za njano na kunikataza katakata kuzipimia mita, maana hata umeme kidogo wa mita unaweza kuifyatua. Tulipomaliza chai, aliitoa kama mtu anayempakata mtoto wa wenyewe, akailaza kwenye turubai ikiangalia juu.

Hita ilisoma omu 2.1, duara zima, haina mahali ilipokatika wala ilipopiga shoti na chuma. Gari likiwa linanguruma hutoa volti 14 hivi, na nilichora hesabu ile ya kidato cha pili kwenye vumbi: karibu ampea 7, wati 93. Fundi akaitazama namba. Hiyo ni balbu moja na nusu ya zamani, zile za wati 60, ukiwa umeikumbatia kwa mikono miwili. Kutoka tulipokaa, Kidatu ni pua na mdomo. Kituo kile cha megawati 204 kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na Baba anapenda kusema kwamba alizeeka akitazama nyaya zake zikipita juu kwenda Dar es Salaam kabla hajawasha taa nyumbani kwake. Sasa wati 93 tu zilikuwa zimemshinda.

Ikabaki sensa. Mita ilisema kilo-omu 9 na kitu, na jedwali la sensa za aina hiyo nililolipata kwenye simu likasema ni sawa kwa hali ya hewa ya saa ile. Ili kuijaribu ilibidi ipoe, na hapo tukakumbuka tulipo: kifaa hiki kimetengenezwa kisikie baridi, na baridi hapa ni bidhaa ya dukani. Nikanunua barafu za ubuyu sita. Tukazifunga kwenye duara kwa raba, watoto wakatuzunguka wakitazama mali ikiyeyuka.

Namba haikusogea. Dakika ya kwanza, ya pili. Fundi akafungua mdomo kusema sensa imekufa, na namba ikaanza kupanda taratibu: 10, 11, mpaka karibu 15. Alipozitoa barafu na kuweka kitambaa cha maji ya moto, ikawa vilevile: kimya kirefu, halafu ikashuka mpaka mahali panapostahili.

"Nzima," nikasema.

"Nzima, lakini inachelewa," akasema Fundi.

Akarudisha betri, eabegi ikiwa bado nje, taa yake ikawaka kwenye dashibodi kama ilivyotakiwa. Kwenye mfuko wa mita yake kulikuwa na waya wa kupimia joto ambao hakuwahi kuufungua tangu ainunue. Akaubana kwenye ngozi ya usukani, nikabonyeza ile swichi. Baada ya robo saa ngozi ilikuwa nyuzijoto 52. Tukazima, tukachomoa, tukapima sensa haraka: 7.7. Kwenye jedwali hiyo ni kama nyuzijoto 31. Kitu kimoja, usukani mmoja, na shahidi mmoja anasema 52, mwingine anasema 31, wala hakuna anayesema uongo.

Ilibidi ule mshono mwekundu ufumuliwe. Baba aliondoka kwenda kununua vocha ambayo sidhani alikuwa anaihitaji. Fundi alifumua shubiri moja na nusu, karibu na pale chuma cha katikati kinapokutana na duara, akaikunja ngozi. Wavu wa hita ulikuwa umelala vizuri. Sensa haikuwepo. Akafuata nyaya zake mbili, nyembamba kama nywele, akakuta zinazama ndani ya sponji. Mtu alikuwa ameichana sponji kwa wembe, akaitumbukiza sensa ndani, akaziba kwa gundi. Sensa yenyewe ni kama punje ya mtama. Inapokaa mahali pake, imebanwa kwenye hita chini ya ngozi, inafanya kinundu kidogo ambacho kiganja kinakihisi.

"Alitaka ngozi ilale," Fundi akasema, akilisifu hata lile kata la wembe. Sikumsikia akimlaumu mwenzake. Yule wa Morogoro alishona usukani mzuri, na bila shaka hakujua kile kinundu ni cha nini. Sponji ni blanketi. Kisanduku kilikuwa kikiuliza "imetosha?" na sensa, ikiwa imejifunika huko ndani, ikijibu kwa dhati kabisa kwamba bado kuna baridi. Kipimo chochote ambacho ungekifanya kwa kifaa kimojakimoja kingesema kizima. Hita nzima, sensa nzima, utepe mzima, fyuzi nzima. Nimeshawahi kusoma sura nzima za nadharia ambazo zina tatizo hilihili, lakini tuyaache hayo.

Baba aliporudi alionyeshwa. Aliishika ile punje kati ya vidole viwili, au tuseme aliiangalia ikiwa kati ya vidole viwili, kwa sababu ilimdondoka na hakujua mpaka tulipomwambia.

Fundi alikuwa tayari kuibandika mahali pake na kushona upya. Ni kweli kwamba ingefanya kazi. Baba akasema hapana, ichomoe kabisa, nani anataka joto Kidodi. Plagi ya hita ikachomolewa, ikafungwa utepe mweusi, sensa ikalazwa kando yake. Wakati anarudisha eabegi, bila kuinua uso, Fundi akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nalizunguka tangu hospitali.

"Mzee, samahani. Kitu cha digrii 52 ulikishikaje mpaka Morogoro?"

Mwaka 1947 watafiti wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walichapisha vipimo vya muda ambao ngozi huchukua kuungua. Kwa nyuzijoto 44 inahitaji kama saa 6. Kadiri unavyopanda muda unapungua kwa kasi, na ukivuka 50 unahesabu dakika. Mtu mwenye mishipa mizima hafiki huko, mkono unaondoka wenyewe kabla hajafikiri. Wasiofikiwa na taarifa ndio wanaoungua. Madaktari wa Marekani wameshaandika kuhusu wagonjwa wa kisukari na waliopooza walioungua vibaya na hita za viti vya magari yao, wakiwa wametulia wanaendesha.

Baba alijibu baada ya muda. "Niliona viganja vinatoka jasho. Nikavifuta kwenye suruali." Aliona. Fundi akatikisa kichwa, akakaza nati, akafuta mikono. Halafu:

"Na breki, unaisikia?"

"Breki naisikia."

"Unaisikia wapi?"

Baba akaweka mkono juu ya paja, kidogo juu ya goti. "Hapa."

Hakuna aliyesema kitu. Mimi nilikuwa naona ule uzi wa nailoni ukipinda kwenye unyayo, na Baba akisubiri. Tulikuwa tumeshinda siku mbili kwenye viganja kwa sababu viganja ndivyo vilivyoonyesha alama. Pedali haiachi lengelenge. Kilomita 50 hivi za barabara kuu hukatiza ndani ya hifadhi ya Mikumi, twiga wanavuka wanapojisikia, na malori ya Zambia yako nyuma yako, na Baba alikuwa akizipita akiwa anajua mguu wake uko wapi kwa kuutazama.

Nilimwambia siku hiyohiyo, jioni, Mama akiwepo. Nilimweleza alichosema muuguzi kuhusu mishipa mirefu, kwamba mikono ni ya pili. Hakukasirika kama nilivyotegemea. Aliuliza kama kuna mita ya mtu, kama ile ya Fundi, ambayo ingemwambia kiasi gani kimebaki. Nikamwambia ule uzi ndio mita yenyewe. Akauliza kama inarudi. Nikasema madaktari wanasema sukari ikishuka haiendi mbele haraka, kurudi ni jambo jingine. Akasema sawa, akaomba maji ya kuoga, na Mama akayapima kwa kiwiko, jambo ambalo sasa analifanya kila siku.

Mdogo wangu amepata leseni. Yeye ndiye anayeendesha kwenda Mikumi na Morogoro, Baba akikaa kushoto na kukanyaga breki ambayo haipo. Ngozi ilishonwa tena kwa uzi mweusi, Fundi hakuwa na mwekundu. Swichi haikuguswa, ukiibonyeza kitaa bado kinawaka. Kwenda shambani Baba anaendesha mwenyewe, ile njia ya vumbi kati ya miwa, asubuhi, mwendo wa baiskeli, anasema hapo hakuna wa kumgonga. Mama anasema wakata miwa ni watu pia. Nilipoondoka kurudi chuoni walikuwa bado wanabishana.